Kusimamia wafasiri wa kujitegemea walio mbali na ofisi

Swali: Nina kampuni ndogo ya tafsiri na manukuu ya video jijini Dar es Salaam. Ofisini tuko wanne tu. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wafasiri kumi na mmoja wa kujitegemea walioko Mwanza, Zanzibar, Mombasa, Kampala na Muscat. Tangu mwaka huu uanze kazi zinachelewa, ubora unapanda na kushuka, wafasiri wawili niliowategemea kuliko wote wameacha kupokea kazi zangu, na mmoja aliingia mitini akiwa na nusu ya kazi ya mteja. Huwa ninawalipa wafasiri mteja anaponilipa, na baadhi ya wateja hulipa baada ya siku sitini au tisini. Nimeshauriwa ninunue programu inayohesabu saa za kazi na kupiga picha ya skrini kila baada ya dakika kumi. Je, nifanye hivyo? Kama sivyo, nitawasimamiaje watu nisiowaona?

Jibu:

Programu hiyo usiinunue, na ninasema hivyo kwa sababu ya maslahi ya kampuni yako kuliko kwa kuwahurumia wafasiri. Mteja wako hanunui saa. Ananunua hati iliyotafsiriwa vizuri na kumfikia kwa wakati, na hakuna picha ya skrini itakayokuonyesha iwapo mfasiri ameielewa sentensi iliyo mbele ya macho yake. Mfasiri mzoefu hutoa kwa kawaida maneno kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku katika matini isiyo ya kitaalamu sana. Ukizijua idadi ya maneno uliyompa na siku ulizompa, unajua tayari kama umempa kazi inayowezekana, na huna haja ya kumchungulia ndipo ujue.

Kuna pia suala la kisheria ambalo wauzaji wa programu hizo hawaligusi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, kinaeleza kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo na bila kujali mkataba umeandikwa kwa sura gani, endapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa humo. Miongoni mwa mambo hayo ni namna yake ya kufanya kazi kuwa chini ya udhibiti wa mwingine, saa zake za kazi kudhibitiwa, kumfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, kupewa naye vitendea kazi, na kutokuwa na mtu mwingine anayemfanyia kazi. Saa 45 kwa mwezi ni kama saa kumi tu kwa wiki. Wafasiri wako wa Mwanza wanaweza kuzifikisha bila wewe kutambua, na programu unayotaka kununua itakuwa inakuandalia, kwa gharama yako mwenyewe, ushahidi ambao mmoja wao ataupeleka siku moja mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai likizo, michango ya hifadhi ya jamii na fidia ya kuachishwa. Kama yupo ambaye kwa kweli anakufanyia kazi kila siku na hana mteja mwingine, mwajiri rasmi, au mpunguzie kazi nawe uongeze idadi ya watu unaowagawia. Kumwita mtu huyo mfanyakazi wa kujitegemea ilhali unamwendesha kama mwajiriwa ndiyo hali yenye hatari kubwa kuliko zote.

Sasa niingie kwenye kiini. Matatizo mengi unayoyaeleza huzaliwa kabla mfasiri hajalifungua faili. Umenionyesha katika barua yako ujumbe ambao kwa kawaida huambatana na kazi zako: "Habari za leo. Naomba unisaidie hii, tuipate Ijumaa. Asante sana." Ujumbe huo una adabu, lakini hauna kazi ndani yake. Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani kitambaa bila kipimo, halafu kumlaumu kwamba nguo haikukaa. Mfasiri hajui hati hiyo itasomwa na nani, Ijumaa ni asubuhi au usiku wa manane, istilahi zitoke wapi, na akikwama amuulize nani. Atajaza mapengo hayo kwa kubahatisha, na kila mmoja kati ya watu kumi na moja atabahatisha kwa namna yake. Huko ndiko ubora unakopandia na kushukia.

Linganisha na maelezo haya, ambayo nimeyaandika kwa kazi ya kubuni lakini ya aina unayoipokea kila mwezi: "Kijitabu cha lishe ya mama mjamzito, maneno 4,200, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili cha Tanzania. Wasomaji ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Kigoma, wengi wao wenye elimu ya msingi au ya kidato cha nne. Sentensi ziwe fupi. Istilahi zifuate orodha niliyoambatisha, na kwa neno lisilokuwamo uniulize kabla hujalibunia lake. Majina ya dawa yasitafsiriwe. Jedwali la ukurasa wa 9 libaki na vipimo vyake kama vilivyo. Maneno 500 ya kwanza yanifikie Jumatano saa 4 asubuhi (10:00), kazi nzima Jumatatu saa 10 jioni (16:00), kwa saa za Dar es Salaam. Maswali yatumwe kwa baruapepe. Yatakayofika kabla ya saa 8 mchana (14:00) nitayajibu siku hiyohiyo. Malipo ni kwa idadi ya maneno ya matini chanzi, na yatafanyika ndani ya siku saba tangu kazi ipokelewe."

Kuandika maelezo hayo huchukua dakika ishirini hivi, na kila sentensi humo inaziba mwanya ambao ungekuja kuleta ubishi. Suala la saa usilione dogo. Sisi wenyewe tukiambiana saa 10 jioni tunaelewana, lakini mtu anayefanya kazi siku nzima kwenye kompyuta inayomwonyesha 10:00 na 16:00, na ambaye wateja wake wengine wako Ulaya, anaweza kuusoma ujumbe wako kwa saa ya kompyuta. Mfasiri wako wa Muscat, isitoshe, yuko saa moja mbele yetu, ingawa Kampala na Mombasa hazitofautiani na Dar es Salaam. Andika saa kwa namna zote mbili na utaje ni saa za mji gani. Hakuna atakayekuona mshamba.

Hayo maneno 500 ya kwanza ndiyo usimamizi wenyewe. Yasome siku ileile yanapofika. Kama mfasiri amekosea rejista, yaani anawaandikia wahudumu wa afya Kiswahili cha mahakamani, utagundua wakati amepoteza nusu siku na si wiki nzima. Kama hayakufika kabisa, umepata onyo mapema na muda wa kumpa mwingine bado upo. Kwa mfasiri ambaye umeshafanya naye kazi za aina hiyohiyo, hatua hii unaweza kuiacha. Yeye umpe kazi na umwache afanye. Uangalizi uwe mkubwa mwanzoni mwa uhusiano, au pale aina ya kazi inapobadilika, kisha upungue kadiri mtu anavyojithibitisha. Kampuni nyingi hufanya kinyume: humpokea mgeni kwa uchangamfu bila masharti, halafu humbana baada ya kosa la kwanza.

Utaona kwamba katika mfano huo wewe pia umejifunga. Umeahidi kujibu maswali siku hiyohiyo. Mfasiri aliyeuliza Jumanne akajibiwa Alhamisi amepokonywa siku mbili na ofisi yako, naye akichelewesha kwa siku mbili hana la kujutia. Kabla hujamhesabia mtu ucheleweshaji, zipitie baruapepe uone swali lake la mwisho lilikaa siku ngapi bila jibu. Na uwapende wanaouliza. Anayepokea hati ya kitaalamu ya kurasa thelathini na asiulize hata neno moja ndiye wa kutiliwa shaka.

Hapa niseme kidogo kuhusu kundi la WhatsApp, maana nina hakika unalo. Kwa salamu na swali la haraka halina ubaya. Lakini maagizo ya kazi yakitolewa humo, tena kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne katikati ya pongezi za harusi, hakuna atakayeyapata tena wiki ijayo. Maagizo na mabadiliko yote ya maagizo yakae mahali pamoja palipoandikwa, iwe baruapepe au jedwali mnaloshirikiana, na mabadiliko yanayoongeza kazi yataje pia muda na malipo yanayoongezeka. Usimsahihishe mtu mbele ya kundi hata siku moja. Wengine kumi watasoma kimya, na kila mmoja atakuwa anajiuliza zamu yake lini.

Wale wawili walioondoka sijazungumza nao, lakini maelezo yako yana sentensi moja iliyonishtua: kwamba unawalipa wafasiri mteja anapokulipa, na kwamba baadhi ya wateja wako hulipa baada ya siku sitini au tisini. Kwa mfasiri huko ni kupigwa kalenda. Yeye hakuingia mkataba na mteja wako. Hamjui, hawezi kumpigia simu, na hana faida yoyote katika tofauti kati ya bei unayotoza na bei unayomlipa. Kubeba ucheleweshaji wa mteja ni sehemu ya kazi ya kampuni, na ndiyo sababu mojawapo inayokupa haki ya kubaki na tofauti hiyo. Wafasiri wazuri ndio wanaotangulia kuondoka, kwa kuwa wao wana pa kwenda. Wanaobaki ni wale ambao hakuna mwingine anayewataka, na hapo ubora hushuka bila mtu yeyote kuzembea.

Najua fedha haziumbiki kwa kutamka. Anza kwa kudai malipo ya awali kwa kila mteja mpya, angalau kiasi kinachotosha kumlipa mfasiri, na anayekataa kutoa hata shilingi ya mwanzo mtajie bei inayolingana na kungoja. Tenga akiba ya malipo ya wafasiri kwenye akaunti ambayo haiguswi kwa kodi ya pango. Weka siku mbili za malipo kwa mwezi zinazojulikana na wote, kwa mfano tarehe 10 na tarehe 25, na uzishike hata kama kiasi ni kidogo. Taja katika mkataba gharama za kutuma zinabebwa na nani. Shilingi elfu mbili tatu za makato si kitu kwako, lakini mfasiri aliyekubaliana nawe laki moja na nusu akapokea pungufu huona ameibiwa, na ndiyo maana watu wetu wakitumiana fedha kwa simu husisitiza "tuma na ya kutolea". Kwa walio nje ya nchi mkubaliane sarafu na tarehe ya kiwango cha kubadilishia kabla kazi haijaanza.

Kodi nayo huleta manung'uniko yasiyo ya lazima. Ukimlipa mkazi wa Tanzania ada ya huduma unatakiwa kuzuia asilimia 5, na kwa asiye mkazi asilimia 15, kisha kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Mfasiri asiyeelezwa hudhani makato hayo ni ujanja wako. Mweleze tangu mwanzo kama bei mliyokubaliana ni kabla au baada ya kodi ya zuio, na umpatie hati ya makato kila mara, kwa sababu mkazi huitumia kupunguza kodi yake ya mwaka. Mhasibu wako athibitishe viwango kila Julai, sheria mpya ya fedha inapoanza kutumika.

Nirudi kwenye ubora, kwa sababu maelezo mazuri na malipo ya wakati havitoshi peke yake. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinadai kwamba kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili asiye mfasiri mwenyewe. Hata kama huna nia ya kuomba cheti, fuata kanuni hiyo, na gharama ya mtu wa pili iingie kwenye bei ya mteja tangu mwanzo. Lakini mtu huyo wa pili, yaani mhakiki, naye anahitaji kusimamiwa. Mwambie atenganishe masahihisho yake katika mafungu matatu: makosa ya maana, makosa ya istilahi au maagizo, na mapendeleo yake tu. Aliyeandika "kwa sababu" akabadilishiwa kuwa "kwa kuwa" hajakosea kitu, na ukimrudishia ukurasa uliojaa wekundu wa namna hiyo, atahitimisha kwamba ofisini kwako hakuna anayejua kazi. Fungu la tatu lisihesabiwe dhidi ya mfasiri, na likizidi mno, mtu wa kuitwa kuzungumzwa naye ni mhakiki. Mafungu mawili ya kwanza mfasiri apelekewe kila mara, ndani ya siku chache, hata pale ofisi ilipokwisha kurekebisha yenyewe. Mtu asiyeoneshwa kosa lake atalirudia kwa nia njema kabisa.

Gawa pia kazi kwa kufuata wasomaji. Mfasiri wako wa Mombasa ni hazina kwa hati za Kenya. Kumpa taarifa ya halmashauri ya Tanzania, yenye watendaji wa kata na wenyeviti wa vitongoji, ni kumtafutia makosa, kama vile ambavyo mtu wa Mwanza atajikwaa kwenye hati ya kaunti yenye wadi na wawakilishi wake. Kwa kila aina ya kazi unayoipokea mara kwa mara, uwe na watu wawili wanaoijua na waliowahi kuifanya kwa orodha ileile ya istilahi. Mgeni umjaribu kwa kazi fupi ya maneno 300 hivi, na uilipe. Majaribio marefu ya bure huwavuta wenye shida na kuwafukuza wenye kazi.

Tafsiri za mashine nazo uzitolee kauli iliyoandikwa. Wafasiri wako wengi, nakuhakikishia, wanazitumia kwa kiwango fulani, na kunyamaza kwako wanakuchukulia kuwa ruhusa. Ipo kazi ambayo mteja haijali njia bali matokeo, na ipo hati ya siri ambayo kuibandika kwenye huduma ya bure ya mtandaoni ni kuitoa nje ya mikono yenu. Sema wazi ni ipi ni ipi, kazi kwa kazi, na uzuie pia mfasiri kumgawia mdogo wake au mwanafunzi wake kazi bila idhini yako.

Kuhusu kuingia mitini: huenda mtu huyo alipata msiba, huenda alipata kazi kubwa akashindwa kukuambia. Huwezi kulizuia kabisa, ila unaweza kupunguza madhara. Kazi inayozidi siku tatu idai faili la kila jioni, hata kama halijakamilika, ili ukimkosa mtu leo uwe na alichofanya mpaka jana. Umeme na mtandao navyo vipangiwe mapema. Mwezi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na aliyekuwa amepakua faili kwenye kompyuta yake aliendelea na kazi huku anayefanyia kila kitu mtandaoni akikaa bure. Kubalianeni kwamba mtandao ukikatika mfasiri atume ujumbe mfupi wa kawaida wa simu ndani ya saa mbili, na kwamba anayetoa taarifa mapema ataongezewa muda bila maneno. Huyo aliyekwisha kupotea mwandikie barua ya staha, umlipe sehemu iliyofika na iliyotumika, kisha ufunge hesabu yake. Usimtangaze kwenye makundi ya wafasiri. Mji wa wafasiri ni mdogo, na wanaokusoma watajiona wao.

Limebaki suala la taarifa za watu. Kama mnatafsiri mahojiano, rekodi za wagonjwa au fomu za wakimbizi, mko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi. Faili unalomtumia mfasiri wa Kampala au Muscat limevuka mpaka, hata kama ulibonyeza kitufe ukiwa Kinondoni. Pale inapowezekana, majina na namba za simu ziondolewe na ofisi kabla hati haijatumwa. Pale isipowezekana, kazi hiyo wapewe walio ndani ya nchi na waliosaini ahadi ya usiri. Mkataba useme pia kwamba haki zote za tafsiri zinahamia kwa kampuni malipo yanapokamilika, kwa sababu mteja wako anaamini ameinunua hati nzima, na huwezi kumuuzia haki ambayo wewe mwenyewe hujakabidhiwa kwa maandishi. Uhusiano na mfasiri unapokwisha, ruhusa yake kwenye folda za kampuni iondolewe siku hiyohiyo, athibitishe kwa baruapepe kuwa amefuta nakala alizobaki nazo, na ankara yake ya mwisho ilipwe katika siku ya malipo inayofuata.